Sauti ya mwanangu inavunjika, na maestro anataka aendelee kusukuma hadi Julai

Ndugu Mshauri,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi, na ninakuandikia kuhusu mwanangu wa pili ambaye ametimiza miaka 14.

Tangu akiwa na miaka 9 anaimba katika kwaya ya wavulana na vijana wa kiume inayokusanya waimbaji kutoka parokia za Lubumbashi, Kipushi na Likasi. Wadogo huimba soprano na alto, na vijana wakubwa, ambao baadhi yao wako chuo kikuu na wengine tayari wana kazi, huimba tenori na besi. Kila mji hufanya mazoezi yake Jumamosi mchana, na mara moja kwa mwezi kwaya nzima hukutana hapa. Mwanangu ndiye anayepewa kuimba peke yake katika nyimbo kubwa, na sitaficha kwamba jambo hilo limekuwa furaha yangu. Watu nisiowajua hunisimamisha baada ya Misa kuniuliza kama mimi ndiye mama yake.

Tangu mwanzo wa mwaka huu sauti yake imebadilika. Anapozungumza inashuka ghafla, kisha inapanda tena bila yeye kutaka. Anapoimba kuna mahali pa katikati ambapo haitoki kitu isipokuwa pumzi. Katika zoezi la mwisho la kwaya nzima alianza vizuri, akafika kwenye noti ya juu ya mstari wa pili, sauti ikakatika, na vijana waliosimama nyuma wakacheka. Hakunisimulia mwenyewe, niliambiwa na mtoto wa jirani anayeimba naye. Tangu siku hiyo haimbi tena nyumbani, hata anapoosha vyombo, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu aanze kusema.

Nilimwendea maestro, mwalimu wa kwaya. Ni mtu mwema na amewafundisha watoto hawa mengi, lakini alinijibu kwamba mwezi wa saba kwaya itasafiri kwenda Kolwezi kwa tamasha kubwa, kwamba hakuna mtoto mwingine anayeweza kuimba sehemu hiyo, na kwamba mwanangu asukume hadi Julai, kisha apumzike mwaka mmoja au miwili hadi awe besi. Sasa anampa mazoezi ya ziada ya noti za juu. Mtoto hurudi koo limekwaruza, na asubuhi yake huongea kama mwenye mafua. Jirani mmoja ameniambia nimpe mayai mabichi, mwingine tangawizi na asali, na mwingine anasema zipo dawa za kuzuia sauti isishuke.

Baba yake anaona kwamba hii ndiyo nafasi nzuri ya kumtoa. Anasema kuimba sauti ya juu ni jambo la watoto, kwamba yeye mwenyewe aliacha kwaya sauti yake ilipovunjika na hakupungukiwa na kitu, na kwamba mtoto yuko darasa la nane na ana TENASOSP, mtihani wa taifa wa darasa hilo, mbele yake. Mimi naogopa kumtoa kwa sababu nimeona jinsi alivyonyamaza.

Tena kuna jambo la safari. Watalala Kolwezi siku mbili au tatu, watoto wa miaka 9 pamoja na vijana wa miaka 25 ambao wao huwaita yaya, yaani kaka mkubwa. Nilipouliza watalala wapi, niliambiwa kwamba hao wote ni watu wa Kanisa na kwamba nisiwe na wasiwasi.

Je, sauti yake inaweza kuharibika kabisa? Nimtoe, au nimsikilize maestro? Na je, nina haki ya kuuliza habari za malazi bila kuonekana kwamba ninawashuku watu?

Mama wa Katuba


Mama mpendwa,

Mwanao haumwi, na sauti yake haijaharibika. Zoloto lake linakua kwa kasi, nyuzi za sauti zilizomo ndani yake zinarefuka na kuwa nene, na misuli inayoziongoza bado haijauzoea urefu huo mpya. Kwa wavulana wengi mabadiliko haya huanza kati ya miaka 12 na 14, ingawa wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa, na yanapokwisha sauti ya kuzungumza huwa imeshuka kwa takriban oktavi nzima. Kipindi chenye msukosuko mkubwa huchukua miezi kadhaa, lakini sauti kutulia kabisa kunaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au hata zaidi. Pale pa katikati ulipopasikia, ambapo hutoka pumzi tu, panajulikana vizuri na kila mwalimu aliyewahi kufundisha vijana wa umri huo: sauti mpya ya chini imeanza kupatikana, ile ya juu bado ipo, na kati yake pana pengo ambalo litazibika lenyewe kwa wakati wake.

Mwalimu wa muziki wa Marekani, John Cooksey, aliyezichunguza sauti za wavulana wanaobalehe kuanzia miaka ya 1970, alionyesha kwamba mabadiliko hayo hufuata hatua zinazotambulika, na kwamba katika hatua za katikati eneo la noti ambazo kijana huziimba kwa raha hupungua sana. Mvulana aliyekuwa na oktavi mbili mwaka jana anaweza kubaki kwa muda na noti tano au sita anazoweza kuzitegemea. Huo si upungufu wa kipaji wala wa juhudi, na mazoezi ya ziada ya noti za juu hayawezi kurudisha kile ambacho mwili wenyewe umekwisha kukihamisha.

Kwa hiyo juu ya swali la kusukuma nakujibu bila kuzunguka: asisukume. Mwimbaji anayezilazimisha noti ambazo hana hukaza shingo, huinua kidevu, hubana koo, na nyuzi za sauti hupigana kwa nguvu hadi zinavimba. Kule kukwaruza unakokusikia asubuhi ndiko kuvimba kwenyewe. Zoezi zuri humwacha kijana akiongea siku ya pili kama alivyoongea jana yake. Zoezi linalomwacha amekauka koo lilikuwa refu mno, au la juu mno, au la nguvu mno. Hali hiyo ikirudiwa kwa miezi, vinundu vinaweza kuota kwenye nyuzi za sauti, na hata visipoota, tabia ya kubana koo hubaki kwa miaka baada ya sauti kutulia. Nimesikia besi wazuri wa miaka 20 ambao bado wanaimba kwa shingo iliyokakamaa kwa sababu ya tamasha moja waliloimba wakiwa na miaka 14.

Lakini pia sikubaliani na sehemu ya pili ya maneno ya maestro, ile ya kumpumzisha mwaka mmoja au miwili. Kumsukuma sasa na kumnyamazisha baadaye ni mambo mawili yanayotoka katika fikra moja, kwamba mvulana ama ni soprano ama si kitu hadi atakapokuwa besi. Walimu wengi wa sauti leo hushauri kwamba kijana aendelee kuimba katika kipindi chote cha mabadiliko, kwa sauti nyepesi, ndani ya noti alizonazo siku hiyo. Wapo hata wanaomwacha aendelee kuigusa ile sauti ya juu, maadamu inatoka kwa upole na haimuumizi. Asichopaswa kufanya ni kupigana nayo.

Hapa nataka kukumbusha historia yetu wenyewe, kwa sababu inaonyesha vizuri mahali mwanao aliposimama. Kule Kamina, katika miaka ya 1950, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda kwaya ya shule iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Ilikuwa na wavulana wapatao 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Mwaka 1958 iliimba Missa Luba, yaani Misa ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za Kongo, kwa mara ya kwanza hapo Kamina, na mwaka huohuo ikasafiri Ulaya, ikawashangaza watu kwa zile sauti nyembamba za watoto zikibebwa na sauti nzito za walimu wao. Hebu itazame hesabu hiyo kwa makini: watoto wanaishia miaka 14, na wanaofuata ni watu wazima. Katika mpango wa namna hiyo, kijana wa umri wa mwanao hana mstari wake.

Kwaya yenu ina jambo ambalo ile ya Kamina haikuwa nalo, yaani vijana wa kila umri, kuanzia miaka 9 hadi zaidi ya 20. Kwaya ya Thomanerchor ya mji wa Leipzig, Ujerumani, ambayo historia yake inahesabiwa tangu mwaka 1212, imejengwa hivyo. Huko mvulana huingia akiwa mdogo wa soprano au alto na hutoka na miaka 18 akiwa tenori au besi, kwa hiyo kuvunjika kwa sauti ni jambo linalomkuta akiwa ndani na wote wakiwa wamelitarajia. Kwaya iliyokusanya wavulana wa miji mitatu haina budi kuwa na wengine kadhaa walio katika hali ya mwanao sasa hivi, na nina hakika baadhi yao wamekwisha kujifunza kufungua mdomo bila kutoa sauti ili wasichekwe.

Nakuomba urudi kwa maestro, safari hii ukiwa na ombi lililo wazi, kwa maana mtu mwema mwenye tamasha mbele yake husikiliza zaidi anapoonyeshwa la kufanya kuliko anapolaumiwa. Mwombe dakika chache kabla ya mazoezi, wewe ukiwapo, amkalishe kijana karibu na kinanda, mbali na masikio ya wenzake. Aanze na noti iliyo karibu na sauti yake ya kuzungumza, amwambie aiimbe kwa mdomo uliofungwa, kisha ashuke naye hatua kwa hatua kwa irabu "u" hadi sauti izimike, halafu apande naye vivyo hivyo hadi atakapoona kidevu kinaanza kuinuka. Noti ya chini na noti ya juu ziandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, na zoezi hilo lirudiwe baada ya wiki tatu au nne, kwa sababu mipaka hiyo husogea. Maestro akiwa na hizo noti mbili mkononi, hatahitaji tena kubahatisha.

Huenda jambo la kwanza litakalomjia akilini ni kumwambia kijana aimbe wimbo uleule oktavi moja chini, au kumsimamisha moja kwa moja kati ya tenori. Mara nyingi njia zote mbili hushindwa. Mstari wa tenori hushuka hadi mahali ambapo kijana wa hatua hii bado hajafika, kisha huruka hadi palepale panapomkatika. Kwa vijana wengi wa hatua ya katikati, noti salama zimeizunguka do ya katikati ya kinanda, chache chini yake na chache juu yake, kwa hiyo wanaweza kuimba sehemu ya chini ya alto katika wimbo mmoja na sehemu ya juu ya tenori katika wimbo mwingine. Njia iliyo bora, ambayo haimgharimu maestro zaidi ya jioni moja na kalamu, ni kuwaandikia vijana hao mstari wao wenyewe wa noti tano au sita, na kuwasimamisha pamoja kati ya alto na tenori. Mstari huo hauhitaji kuwa na mapambo, kwa kuwa hata noti moja ndefu inayoshikilia katikati ya wimbo huku wengine wakitembea juu na chini yake huupa wimbo uzito ambao wasikilizaji huusikia bila kujua unatoka wapi. Na kama kwaya inaimba kwa solfa (do, re, mi) bila kinanda, maestro ana uhuru mkubwa zaidi: do ni ile atakayoitoa yeye, akiishusha hatua moja au mbili hakuna karatasi inayobadilika, na wimbo uliokuwa ukimkata mtoto unaweza kumkaa vizuri.

Sehemu ya kuimba peke yake Kolwezi nashauri wapewe wadogo wawili au watatu wa miaka 10 au 11 waiimbe kwa pamoja. Watoto watatu wanaoimba kwa umoja hutoa sauti safi, na hakuna hata mmoja anayebeba hofu ya tamasha zima. Kama mwanao mwenyewe anatamani bado kuimba peke yake, atafutiwe ubeti uliotungwa au kushushwa katika noti zake, na uamuzi wa mwisho ufanywe wiki ya mwisho kwa kumsikiliza, kwa sababu sauti ya mwezi wa nne siyo itakayokuwapo mwezi wa saba. Nasisitiza aulizwe yeye. Katika barua yako nimesoma anachotaka maestro, anachotaka baba yake na unachokiogopa wewe, lakini neno la kijana mwenyewe sikuliona.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi. Hakuna dawa ya kuzuia sauti isishuke ambayo mzazi mwenye upendo anaweza kumpa mtoto mzima wa afya, kwa maana kuizuia sauti ni kuuzuia mwili mzima usikomae. Anayekuuzia kitu cha namna hiyo mkatae. Mayai mabichi hayafiki kwenye nyuzi za sauti, ila yanaweza kumletea ugonjwa wa tumbo. Tangawizi na asali ni kinywaji kizuri kinachotuliza koo, mpe kama anakipenda, lakini hakiharakishi wala hakirudishi chochote. Kinachosaidia kweli ni maji ya kutosha siku nzima, usingizi, kutopiga kelele uwanjani, na kutokaa karibu na moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa, hasa kuanzia Mei, majira ya kiangazi yakiingia na vumbi letu jekundu likianza kupanda. Kukwaruza kukizidi wiki tatu hata baada ya kupunguza mazoezi, au kukiwa na maumivu, damu au shida ya kupumua, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kungoja.

Sasa nimgeukie baba yake, na ningependa umsomee sehemu hii. Baba, hoja yako ya mtihani ina uzito na inafaa kujibiwa kwa ratiba. Karibu na TENASOSP mwombeni maestro amsamehe yale mazoezi ya ziada, ambayo hata hivyo yanamdhuru, abaki na Jumamosi tu. Ila kumtoa kabisa wakati huu ni jambo jingine, kwa sababu mtoto ataelewa kwamba ametolewa siku ileile aliposhindwa mbele ya watu. Unasema wewe uliacha na hukupungukiwa na kitu, nami sina sababu ya kukupinga, lakini zitazame parokia zetu, uhesabu ni kwaya ngapi zina wamama wengi wenye sauti nzuri na wanaume watatu nyuma yao. Wale wanaume wengine waliimba walipokuwa wadogo. Wengi wao waliondoka na miaka 13 au 14, sauti ilipokatika, na hakuna aliyewaambia warudi. Tena katika mji huu kuimba na kusoma havijawahi kugombana: Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961, alikuwa mwanamuziki wa kanisa na mtunzi wa Missa Katanga, alikuwa mwalimu, na akawa waziri wa elimu wa Katanga.

Mama, kile kicheko cha vijana wa nyuma kisiachwe kipite. Sidhani walikuwa na nia mbaya, maana kila mmoja wao alipita hapohapo na huenda alichekwa vilevile, lakini ndiyo sababu maestro anapaswa kuwaambia waziwazi kwamba sauti inayokatika katika kwaya hii haichekwi. Amchague tenori mmoja mtulivu, aliyebadilika sauti miaka mitatu au minne iliyopita, asimame karibu na hawa wa katikati wakati wa mazoezi na awasimulie mbele ya wote jinsi ilivyokuwa kwake. Neno la yaya wa miaka 18 litamfikia mwanao upesi kuliko langu au lako. Apewe pia kazi ambayo haitegemei noti za juu: kuwapashia wadogo sauti kabla ya mazoezi, kushika mdundo wa ngoma, kuwafundisha wageni solfa. Ameimba miaka mitano, kwa hiyo anajua mengi ambayo mtoto wa miaka 9 hayajui. Na ukipata nafasi mnapokuwa wawili jikoni, msimulie kwamba Franz Schubert, aliyekuwa mwimbaji mdogo wa kanisa la mfalme huko Vienna, aliandika kwenye karatasi ya wimbo kwamba amewika kwa mara ya mwisho tarehe 26 Julai 1812. Alikuwa na miaka 15, na muziki ambao dunia inamkumbuka kwa ajili yake ulikuja baada ya siku hiyo.

Limebaki swali la safari, nalo sitaki ulipunguze kwa sababu ya aibu. Una haki kamili ya kuuliza watoto watalala wapi na nani, na anayekujibu kwamba hao wote ni watu wa Kanisa bado hajakujibu. Sheria ya nchi yetu ya Kongo nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtoto kuwa kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo katika kwaya yenu wapo watoto na wapo watu wazima, hata kama wote huvaa sare moja na kuitana ndugu. Kuuliza si kumshuku yaya yeyote kwa jina. Utaratibu mzuri huwalinda vijana hao pia, kwa sababu pale ambapo kila kitu kinaonekana hakuna anayeweza kusingiziwa.

Usiende peke yako. Zungumza na wazazi wengine wawili au watatu, muandike barua moja ya heshima kwa maestro na nakala kwa paroko, na muombe majibu ya maandishi kabla ya kulipa nauli. Walio chini ya miaka 18 walale katika chumba chao, mbali na wakubwa, na wadogo wa miaka 9 na 10 wasichanganywe na wale wa miaka 16. Pawepo watu wazima wasiopungua wawili wanaowajibika kwao usiku na mchana, ikiwezekana mmoja awe mzazi, na majina yao pamoja na nambari zao za simu mpewe kabla ya safari. Pasiwe na mtu mzima yeyote anayebaki na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, iwe kwa mazoezi ya sauti, kupima sare au jambo lingine. Kutoka hapa hadi Kolwezi, kupitia Likasi, ni karibu kilomita 300 katika barabara inayojaa malori ya madini, kwa hiyo gari liondoke asubuhi na lifike kabla ya giza, na kila mtoto awe na kiti chake. Mwanao naye aambiwe kwamba akiona au akitendewa jambo lisilompendeza anaweza kukupigia saa yoyote, na kwamba hutamkasirikia hata kidogo.

Maestro mwenye moyo mwema, kama unavyomweleza, atafurahi kwamba wazazi wamemsaidia kupanga mambo ambayo pengine hakuwa na muda wa kuyafikiria. Majibu yakija na yakikuridhisha, mruhusu aende, awe ataimba ubeti au atasimama katikati na mstari wake wa noti sita. Majibu yasipokuja, abaki nyumbani safari hii tu, na Jumamosi inayofuata arudi kwenye mazoezi kama kawaida. Na ikiwa hata baada ya mazungumzo maestro atashikilia kwamba kijana asukume, mtafutie kwaya nyingine ya parokia ambako atapokewa na sauti aliyonayo sasa. Mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo ina parokia za kutosha, na tenori anayekuja hakataliwi mahali popote.